Kopo la Vifungo

Bweni la Taasisi
4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na ile cherehani pia, maana nayo ni mtu wa familia. Najua simu huipendi, unasema inakata maneno kama mkasi butu, basi nimerudi kwenye kalamu. Mwambie mkazamjomba sweta aliyonifumia ndiyo inayoniokoa. Huku maabara wanapoza vyumba kana kwamba sisi ni nyama ya kuuzwa kesho.

Nilidhani mtafiti wa dawa ni mtu aliyeinamia darubini kutwa. Kumbe! Mlezi wangu wa kazi ni daktari mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na jengo zima linamwita Bi Subiri, kwa sababu ukimkimbilia na jibu atakwambia subiri. Kanizungusha kila chumba. Yuko mtu wa hesabu ambaye damu hajaigusa maishani, na akiiona anaomba kiti. Yuko mtunza dawa anayekaa nyuma ya nondo kama mfungwa. Iko hata kamati ambayo kazi yake ni kutukataza. Bi Subiri ananiambia nitazame kwanza, nichague baadaye.

Juzi friji kubwa iliharibika, sampuli za miezi zikaoza zote. Mimi nililia. Yeye akaagiza chai, akainywa mpaka mwisho, akasema, "Haya, tuanze." Mpaka leo sijui kama ile ni roho ya chuma au ni wazimu.

Sasa neno lenyewe. Mama ameniambia vidole vyako vimezidi kukunjika, na kwamba suti ya bwana harusi umeirudisha bila kuikata. Mjomba, hukuniambia. Bi Subiri anaendesha utafiti wa dawa ya baridi yabisi, na kituo chake kikubwa kuliko vyote kiko hapo hapo hospitalini kwenu. Nenda ukaulize. Siahidi kitu. Nimemwambia kabisa kuwa una undugu nami, akasema vizuri, basi kuanzia leo mimi nisiguse chochote kinachotoka kituo kile.

Mpwa wako,
Kwanini
(Jina ulinipa wewe kwa maswali yangu, livumilie.)

*

Dukani
27 Februari

Mpwa wangu Kwanini,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mkazamjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiongeza ya kwake usimwamini. Sisi hatujambo. Bibi yako na kikohozi chake bado wako pamoja, dawa hataki, anasema kikohozi ndicho kinachomjulisha kuwa yuko hai. Paa la nyuma limeacha kuvuja, labda limechoka kutukanwa.

Nilikwenda. Muuguzi ni binti mpole, akatueleza sote tuliokaa benchi, taratibu, hadi kila mtu akaelewa. Akasema dawa ipo, ila haijajulikana kama inafaa. Nusu yetu tutapewa dawa, nusu tutapewa vidonge vitupu, sura moja, rangi moja, na hata yeye hajui nani kapata nini. Inapigwa kura.

Mpwa wangu, nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia! Benchi zima tukatazamana kama watu walioibiwa mchana kweupe. Yaani mtu anaumwa, kaja kwa miguu yake, nanyi mnampa hewa ameze, mkijua ni hewa? (Hapa ametukana, siandiki.) Mwalimu mstaafu aliyekaa kando yangu alisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mama muuza mkaa aliangalia mikono yake tu.

Tulitia sahihi wote, maana mfa maji haachi kutapatapa. Lakini wewe uliyesoma nieleze. Hiyo ni haki gani?

Mjomba wako

*

Bweni la Taasisi
18 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia habari za paa. Mama amehamia chumba cha mbele, anasema huko anapata jua la asubuhi. Mimi nimeanza kuwazoea panya wa maabara, ila wao bado hawajanizoea.

Swali lako nilimpelekea Bi Subiri kama lilivyo, nikapunguza matusi. Sikutegemea jibu alilonipa. Alisema alipokuwa kijana kama mimi, kulikuwa na dawa moja iliyosifiwa na kila mtu. Wagonjwa walikuwa wakiinuka vitandani wakishukuru. Mwisho mtu mmoja mkorofi akasema tuilinganishe na vidonge vitupu. Wa vidonge vitupu nao wakainuka vile vile! Ila wale wa dawa, maini yao yalikuwa yanaharibika kimya kimya. "Tuliwapa watu sumu," akasema, "na wao wakatuletea kuku."

Si wewe uliyenifundisha? Ukitaka kujua uzi upi unakatika, unashona vipande viwili vya kitambaa kimoja, kwa cherehani moja na mkono mmoja, unabadilisha uzi tu. Ukibadilisha na mengine hujui kilichokata. Basi ndivyo hivyo, mjomba. Vumilia. Huenda una dawa, huenda huna, lakini mwisho wake tutajua jambo la kweli.

Kwanini

*

Dukani
6 Mei

Kwanini wee!

Tazama mwandiko! Nani kaandika? Mimi! Herufi zinayumba kama mlevi lakini ni zangu. Mkazamjomba wako kanuna eti nimemfukuza kazi ya ukarani.

Nilikawia kujibu kwa sababu nilitaka nijibu kwa mkono wangu. Sijambo, nyumba nzima haijambo. Juzi nimekata koti. Si la kujivunia, kola imekaa upande, lakini mkasi ulifunguka na kufunga, na mimi ndiye niliyeushika. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, nikashindwa hata kumwita mtu aje kuona.

Mama muuza mkaa naye anambeba mjukuu. Dereva wa lori, naye wa benchi letu, amerudi kwenye usukani. Benchi zima tumepona nusu nusu, na sote tunasalimiana kwa kushikana mikono mpaka watu wanatucheka.

Kuhusu lile jambo la hewa, usijisumbue tena. Tumelimaliza wenyewe kiutu uzima.

Mjomba wako mwenye vidole

*

Bweni la Taasisi
22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimeibusu ile herufi ya kwanza iliyoanguka chali. Mama nimemsomea kwenye simu, akalia mpaka simu ikakatika.

Hapa mambo si mazuri. Kuna kamati ya watu wa nje, wao peke yao ndio wanaojua nani ana dawa na nani ana hewa. Wamechungulia mara ya kwanza, wakatuma neno kwamba tofauti kati ya pande mbili haionekani. Watakutana tena mwishoni mwa Julai, na wasipoiona, utafiti utafungwa na dawa itatupwa. Bi Subiri amepungua. Hii ni kazi ya maisha yake, na bado ananiambia nisubiri.

Nimeshangaa tu. Umesema benchi zima mmepona nusu nusu. Benchi zima, mjomba? Na lile jambo mmelimaliza vipi kiutu uzima?

Kwanini

*

Dukani
10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, bibi yako mzima, kikohozi nacho kizima.

Kwa kuwa wewe ukiuliza huachi, nitakwambia, na naamini utajivuna. Siku ile tulipotoka hospitalini na vichupa vyetu, tulipitia dukani kwangu kunywa maji. Mwalimu akaweka chupa yake mezani, akasema, "Jamani, humu ndani kuna watu watakula na kuna watu watatazama. Sisi ni watu wa aina hiyo?" Mimi nikalichukua lile kopo la vifungo, unalikumbuka, ulikuwa unalichezea utotoni. Nikamwaga vifungo vyote kwenye kanga ya mkazamjomba. Kila mtu akamimina vidonge vyake koponi. Tukakoroga kwa mwiko, tukagawana sawasawa.

Ndivyo tunavyofanya kila mwezi. Kila mtu ana dawa kidogo na hewa kidogo, hakuna anayemtazama mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkiandika vitabu vyenu, liandikeni na hilo.

Mjomba wako

*

Bweni la Taasisi
17 Juni

Mjomba.

Shikamoo. Samahani sina habari za nyumbani za kuandika.

Mmefanya nini? Mjomba, mmefanya nini? Nimeisoma barua yako bwenini, nikalazimika kuketi sakafuni. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Si ninyi mlioniandikia mmeelewa? Pande mbili zikimeza mchanganyiko mmoja, tena katika kituo kikubwa kuliko vyote, tofauti itatoka wapi? Kamati inatazama wenye dawa na wenye hewa, inaona wote wamepona nusu nusu, inasema dawa haina kitu. Umeshona vipande viwili kwa uzi ule ule halafu unaulizwa uzi upi bora! Dawa inayokufungua vidole ndiyo hiyo itakayotupwa jalalani, na wagonjwa wengine wote, wa kila mji, hawataiona kamwe.

Halafu, Mungu anisamehe, nacheka pia. Kopo la vifungo!

Bi Subiri sijamwambia. Nampita kwenye ukumbi nikiinamisha kichwa kama mwizi. Nakuomba, nenda wewe mwenyewe kwa yule muuguzi ukamweleze. Mlifanya kwa nia njema, litasikika vizuri likitoka kwako. Nakusihi, mjomba.

Kwanini

*

Dukani
9 Julai

Mpwa,

Nimesoma.

Niliwaita wenzangu nikawasomea. Mwalimu alisema tukisema tu, vichupa vitachukuliwa kesho yake. Mama muuza mkaa aliuliza swali moja, kama mjukuu atamweka chini leo au ataachiwa mpaka mwisho wa mwezi. Mjibu wewe.

Unaniambia habari za wagonjwa wa kila mji. Siwajui. Hawa nawajua. Nilidhani nimelea mpwa, kumbe nimelea askari. Ukisema, wewe utapata cheti na mimi vidole vyangu vitarudi kukunjika ngumi. Hiyo ndiyo biashara unayoniletea? Siku ya kwanza ya shule gauni lako nililishona mimi, kwa vidole hivi hivi.

Siendi kwa muuguzi. Na wewe kama damu yangu imo ndani yako, nyamaza.

Mjomba wako, kama bado unamtaka

*

Bweni la Taasisi
30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Nimesema.

Barua ya kufunga utafiti ilikuwa imeshachapwa, iko mezani kwake. Niliingia bila kubisha hodi, na nikasema yote nikiwa nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa sitasema. Bi Subiri alivua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema subiri. Alisema, "Kopo?"

Nikasema, "La vifungo."

Akacheka, mjomba. Alicheka hadi mtu wa hesabu akafungua mlango kutazama kuna nini. Kisha kicheko kikakatika, akafunika uso kwa viganja. Mimi sikujua nimshike au nitoke. Baadaye akasema, "Niliwaeleza watu wale kila kitu mpaka wakaelewa. Sikuwauliza watafanya nini wakishaelewa." Hakuwalaumu ninyi. Mimi pia hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Kituo chenu kimesimamishwa, na utafiti mzima umekufa nacho. Watakuja kuchukua vichupa. Nimefunga vidole vyako kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijui nitakuja nyumbani na uso gani. Nilikumbuka lile gauni. Nilikumbuka kila pindo lake, na bado nikasema.

Mpwa wako, kama bado unamtaka

*

Nyumbani
15 Septemba

Mwanangu,

Ni mimi mkazamjomba wako, leo nasema ya kwangu. Barua zako zote zimefika. Anazisoma, anazikunja, anazitia kwenye droo ya cherehani. Mkasi ameutundika ukutani. Hasemi kitu juu yako, si kizuri si kibaya. Ila jana mteja mmoja alikusema vibaya, akamfukuza dukani na kitambaa chake.

Kula vizuri. Vaa sweta.

*

Dukani
21 Novemba

Mpwa wangu Kwanini,

Marahaba zote za nyuma, zihesabu mwenyewe. Mwandiko ni wa karani wangu, amerudishwa kazini.

Huyo Bi Subiri wako alikuja. Sikujua kama wakubwa wanakuja! Kasafiri, kashuka na vumbi lake, kakaa kwenye kiti cha wateja kilichovunjika mguu, akasema, "Nionyesheni hilo kopo." Tukamwonyesha. Akalishika kama mtu anayeshika mtoto wa watu.

Akatuambia kwa kuwa utafiti ule umeshakufa, tunayo haki ya kujua nani alikuwa na nini. Akasoma. Mama muuza mkaa, hewa. Dereva, hewa. Mwalimu, hewa. Mimi, mpwa wangu, dawa. Tangu siku ya kwanza chupa yangu ilikuwa imejaa dawa tupu! Kama kila mtu angemeza chake, mimi ningekuwa nashona suti, na mama wa watu angekuwa ananitazama toka ng'ambo ya barabara akiwa na mjukuu miguuni. Mkazamjomba wako aliniuliza kama najuta. Nimejipekua, sioni. (Ni kweli, nilimtazama usoni.)

Anataka kuanza upya. Kasema safari hii kura haitapigwa mtu kwa mtu, itapigwa mji kwa mji. Mji mzima dawa, au mji mzima hewa, na hakuna atakayeambiwa. Ikithibitika ni dawa, mji uliomeza hewa utahudumiwa kwanza. Akatuuliza, "Mkitoka hapa mtafanyaje?" Mwalimu akajibu, "Sasa hapo sote tunakula au sote tunatazama. Hapo tunakuelewa." Tumetia sahihi.

Nilikuita askari. Lifute neno hilo, mimi nimelifuta.

Mjomba wako

*

Bweni la Taasisi
12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo! Neno limefutwa, na karatasi nimeilowesha kwa machozi, hata ungetaka kulisoma husomi.

Mama anakusalimu. Mimi nimechagua kazi, na mwenyewe nimeshtuka. Nilikuja kutafuta darubini, nimepewa benchi. Bi Subiri ananituma miji mingine nikae na wagonjwa kabla ya sahihi, nisikilize wanayosemezana muuguzi akishatoka. Mjini kwenu haniruhusu, wala siulizi mmepewa nini, na wewe usinidokeze. Ninaloweza ni kukuombea tu.

Kwanini

*

Dukani
20 Aprili

Mpwa wangu Kwanini,

Marahaba. Mwandiko ni wa karani, na sababu yake usiniulize, maana umenikataza kudokeza. Bibi yako anakusalimu. Paa limeanza tena.

Nitakuhadithia tu habari za watu, wala si habari za vidonge. Dereva ameuza lori. Mwalimu siku hizi anasalimia kwa kichwa. Jumapili iliyopita walikuja wote dukani, tukakaa, kila mtu mikono yake mapajani, na tukaitazama. Halafu mama muuza mkaa akaguna, akasema, "Basi kuna mji mahali fulani watu wanafungua vidole." Ametamka kwa furaha, mpwa wangu!

Muuguzi alituita mmoja mmoja, akatukumbusha kuwa anayetaka kutoka atoke, ni haki yake. Hakuna aliyetoka. Kila asubuhi kila mtu kwake anameza chake kwa maji, na hakuna aliyeruka hata siku moja. Kopo lina vifungo. Mkasi ninao ukutani, nauona kutoka nilipokaa. Mwambie Bi Subiri ahesabu vizuri, asitie haraka, sisi tunasubiri. (Hapa amelia, siandiki.)

*Sikulia. Ni vumbi la chaki.*
*Mjomba.*